Kiatu cha Kushoto Kabla ya Mti Kuanguka

Nimeacha kazi nikiwa na vidole vyote kumi, miguu yote miwili, na sikio moja na nusu. Ile nusu ya sikio la kulia ilichukuliwa na mashine katika miaka ambayo tulikuwa tunaziba masikio kwa pamba ya godoro tukidhani tumejilinda. Siku ya kuniaga, pale Kisangani, ninyi vijana mlinitaka niseme neno. Nilisimama, nikaisifu bia, nikakaa. Njiani mke wangu aliniambia kwamba nilikuwa na jambo la kusema na sikulisema. Na kwa kuwa mke wangu akishasema jambo hulirudia mpaka litimizwe, naandika ili nipate amani nyumbani.

Habari za vyeo sitaziandika. Katika kazi yetu kuna anayeshika mashine na kuna anayebeba mafuta, na jioni wote wananuka vilevile. Nataka kuandika juu ya viatu. Najua mnacheka. Trésor, wewe najua umeanza kucheka kabla ya wenzako. Mnaniita Papa Sandali nikiwa sipo, na mnadhani nusu sikio halisikii. Lakini tangu niliposhika tronsoneze, msumeno wetu wa mashine, mpaka nilipoiweka chini, hakuna mtu aliyekufa chini ya mti wangu. Wawili walikaribia sana kufa, kule Bengamisa, na baadhi yenu mlikuwepo. Nataka muelewe ni nini kilichowatoa pale, kwa sababu nasikia mnataka kukiacha.

Nilifundishwa kazi na Tonton Assani, mtu wa zile familia za Waislamu wa zamani wa mjini. Ijumaa alikuwa na kanzu safi, na siku nyingine zote matope mpaka magotini. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu chache alizozitunza kuliko mashine yake, na hakuwa na haraka na jambo lolote isipokuwa chakula. Siku yangu ya kwanza ilikuwa msituni, kwenye barabara ya Bafwasende. Nilifika nimevaa viatu vya ngozi nilivyoazima kwa shemeji, nikingoja kukabidhiwa mashine mbele ya watu. Nilikabidhiwa panga.

Aliniambia nisafishe njia mbili za kukimbilia, zianzie kwenye shina ziende nyuma kwa mshazari, moja kushoto na moja kulia. Nyuma kabisa hapana, alisema, kwa sababu shina likiruka hurukia huko. Nilifyeka haraka haraka, nikapangusa jasho, nikamwita aje aone. Alitazama, akasema ni nzuri sana, akaenda kukaa. Nilifurahi. Saa ya kula ilipofika alinijazia sahani ya wali, mboga ya pondu na kipande cha samaki, akaniwekea juu ya kiganja, akanitaka nikimbie njia yangu kutoka shinani hadi mwisho huku macho yangu yakiwa kwenye kilele cha mti.

Nilimuuliza kwa nini.

"Chakula yenye itabakia ndani ya sahani," alisema, "njo yenye utakula."

Nilikimbia. Hatua chache tu, mtambaazi mmoja ukakamata kile kiatu cha shemeji, samaki akaenda huku, wali ukaenda kule. Siafu walikula vizuri siku ile. Tonton Assani naye alikula vizuri, polepole, amenielekea. Kesho yake njia zangu zilikuwa safi kiasi cha kupitisha harusi, na tangu hapo sijawahi kuukata mti bila kuipita kwanza njia yangu nikiwa nimetazama juu. Mkiwa na mtu mpya, mfundisheni hivyo hivyo. Kama mnamwonea huruma mpeni sahani ya mihogo, maana mihogo huokoteka.

Mashine yenyewe nilingoja sana kabla ya kuishika. Kwanza nilikaa na tupa na mnyororo, nikinoa jino baada ya jino, kila jino kwa mikwaruzo sawa na jirani yake, la sivyo mashine inakata kwa kupinda. Alinifundisha kuangalia kinachotoka: mnyororo mkali unatoa vipande, mnyororo butu unatoa unga, na mtu anayeona unga akaendelea kusukuma anachosha mikono yake ili apate ajali. Alinifundisha pia kuiogopa pua ya mashine, ile kona ya juu ya chuma kinachobeba mnyororo. Pua hiyo ikigusa kitu ambacho hukukipanga, mashine yote inaruka kuelekea uso wako kabla hujawaza lolote. Ndiyo maana gumba la mkono wa kushoto lazima lizunguke mshiko, na ndiyo maana husimami nyuma yake moja kwa moja, unasimama pembeni kidogo. Yeye mwenyewe alisimama hivyo hata sokoni. Ukizungumza naye alikaa ubavuni mwako.

Kofia ngumu zilikuwa hazipatikani wakati ule, basi Tonton Assani alivaa sufuria. Aliifunga kwa kitambaa chini ya kidevu, na matawi madogo yakianguka ililia kama kengele ya shule. Siku moja mke wake alipanda baiskeli ya kukodi akaja msituni kuidai, akaivua kichwani pake mbele yetu sote na kwenda nayo, na kazi ikasimama siku ile. Nasema hivi si ili muige. Kofia mnazo, zivaeni kichwani. Nimeona mmoja wenu ameweka yake kwenye kiti cha pikipiki ili asikalie maji.

Namna ya kukata aliieleza kwa mlango. Mbele ya mti, upande unaotaka uangukie, unafungua mdomo. Nyuma ya mdomo unaacha ukanda wa mti mzima usioguswa, na hiyo ndiyo bawaba, ndiyo itakayouongoza mti ukianza kwenda. Halafu unaichomeka mashine ubavuni, nyuma ya bawaba, unakata ndani kuelekea mgongoni, lakini hutoki nje. Mgongoni unaacha kipande kingine kizima, na hicho alikiita kufuli. Mti umeshakatwa karibu wote na bado umesimama, kwa sababu kufuli linaushika. Unaweka kabari kwenye mkato, unazima mashine, unatazama watu. Ukiridhika, unawasha tena, unakata kufuli, unaondoka kwa njia yako.

Nilipokuwa kijana nilidhani kuzima mashine katikati ni uvivu wake wa kutafuta nafasi ya kutafuna makasu, zile kokwa chungu za kola. Kutafuna alitafuna kweli, tena kwa sauti. Lakini alizima kwa ajili ya watu.

Katika msitu wa ndani watu si tatizo. Tatizo ni kando ya barabara, huku Bengamisa na kule Bafwasende, ambako mashine ikianza kulia watu wanatoka hata kwenye vitanda vya malaria. Wanakuja kwa ajili ya kuni, kwa ajili ya mabaki ya mbao, na majira ya mvua wanakuja kwa ajili ya mbinzo, wale viwavi wa kuliwa wanaokaa juu ya mti wa lifaki. Hapo ndipo kuna vita. Mama wa kwanza kufika kwenye kilele kilicholala ndiye anayejaza beseni, kwa hiyo hawangoji mti umalize kuanguka. Wanaingia matawi yakiwa bado yananing'inia kwenye miti ya jirani. Wanavuta tawi lililokunjwa chini ya gogo bila kujua kwamba likiachiwa linapiga mtu tumboni. Sisi wenyewe, wenye kazi, tunalizunguka gogo kwanza, tunatafuta upande uliobanwa na upande ulionyooshwa, tunapunguza kidogo kidogo upande uliobanwa ndipo tukate ule mwingine, na hatusimami upande wa chini wa mteremko. Mwenye beseni hana habari hizo. Yeye ana watoto na sufuria iko motoni.

Tonton Assani alijaribu kupiga kelele, akajaribu kufunga kamba, akajaribu kumwomba chifu. Chifu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Ndipo akajaribu viatu. Kabla ya kuanza, kila mtu aliyekuja kutazama anatoa sandali yake ya kushoto. Anayekusanya anazipeleka mbali, upande ambao mti hauendi, urefu wa mti mara mbili, na kuzipanga mstari mmoja. Baada ya hapo huna haja ya kamba. Mtu wa mkoa wetu wa Tshopo anaweza kumwachia jirani mtoto wake siku nzima bila wasiwasi, lakini sandali yake hawezi kumwachia jirani hata kwa dakika moja. Atasimama nyuma yake na kuichunga, huku akimchunga na mwenzake. Na kabla ya kukata kufuli, unapita mbele ya mstari. Kila kiatu lazima kiwe na mtu. Ukiona kiatu kisicho na mtu, basi mahali fulani kuna mtu asiye na kiatu, na mahali hapo si pazuri.

Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuja na viatu vyeusi vilivyong'aa, akasema yeye hawezi kuvua kiatu mbele ya raia. Tonton Assani hakubishana. Alikaa juu ya gogo, akatoa makasu. Akamwambia kwa adabu zote kwamba hakuna shida, mti huu una miaka mingi hapa na hauna safari. Tulikaa. Raia wakaanza kumtazama mkubwa. Mwishowe alivua, na soksi ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kimetoka chote. Baada ya siku ile hakuna aliyekataa tena, kwa sababu habari ya kidole ilifika Bengamisa kabla yetu.

Tonton Assani aliacha mashine kwa sababu ya mgongo, akafa miaka kadhaa baadaye kitandani kwake mjini, jambo ambalo wakata miti wengi hawalipati. Nililia siku ile, na si kidogo. Kazi ilibaki kwangu, na mstari wa viatu ukabaki kwangu.

Sasa Bengamisa. Nilikuwa karibu na kustaafu. Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli kweli, alikuwa na depo kando ya barabara. Aliuza kwa jumla: masanduku ya sabuni, mabeseni, na zaidi ya yote sandali, marobota kwa marobota. Nyuma ya depo kulikuwa na chumba cha mama yake mzazi, ambaye mji mzima ulimwita Koko. Na kando ya chumba hicho, upande wa kulia, kulisimama lifaki la zamani lililoanza kuoza. Matawi makavu yalikuwa yanaangukia bati, na mti wenyewe ulikuwa umeegemea kidogo kuelekea nyumba. Watu wa pale walikubaliana kwamba uondoke. Majira yalikuwa ya mbinzo, na mti ulikuwa umejaa, hivyo akina mama walikubali upesi zaidi kuliko wengine.

Nilimwendea Mama Kavira nikamweleza. Nitauangusha mbele, kwenye shamba lililolala, mbali na nyumba. Kwa kuwa umeegemea, nitaacha bawaba nene upande wa pili ili iuvute usije huku. Lakini nyumba iwe tupu. Mali zibaki, watu watoke.

"Papa Faustin," alisema, "batu bote banasema weye haukosake."

Lazima niseme nilivimba kidogo. Nilimwambia kwamba mti nauona kwa nje tu, ndani sioni, na ndiyo maana watu hutoka hata kama mkataji ni nani. Alinitazama, akatazama mlango wa nyuma, akasema sawa, watatoka. Nilikuwa nimesikia kwamba Koko hatoki kamwe katika nyumba ile, kwamba hata komunyo analetewa. Alikuwa ameikimbia nyumba yake ya Kivu wakati wa vita, juu ya lori, na alipopata kurudi kuiangalia hata mlango haukuwepo. Alikuwa ameapa kwamba hataiacha nyumba nyingine yenye bati. Hayo niliyajua, lakini Mama Kavira alikuwa ameniambia watatoka, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria minyororo.

Siku ya kazi Trésor alikuja na utepe wake mwekundu na mweupe wa kuzuia watu, ule wa kisasa. Aliufunga kutoka mti hadi mti, ukapendeza sana. Kabla hatujamaliza kunoa, watoto wa Bengamisa wote walikuwa na mikanda mipya. Basi nikamwambia akusanye viatu. Alikusanya, huku anatazama pembeni kama mtu aliyetumwa kununua chumvi na mama mkwe. Mama Kavira alikuja mwenyewe kwake na sandali mbili za kushoto, yake na ya Koko, akasema Koko anakuja nyuma polepole, miguu inamsumbua. Trésor aliziweka kwenye mstari. Mimi nilikuwa shinani nikipunguza mizizi ya ubavu.

Niligonga shina kwa mgongo wa shoka kila upande. Lilijibu vizuri, isipokuwa kidogo upande wa mbali na nyumba, na huko sauti ilikuwa nzito. Nilifungua mdomo, mti ukawa mwekundu na mzima. Nilipochomeka mashine ndani, vipande vilianza vyekundu, kisha vikaja vya rangi ya kahawa, vimelowa. Hiyo ni habari mbaya, vijana, isomeni kila mara. Niliacha kufuli nene kuliko kawaida, nikapiga kabari, nikazima mashine. Upepo ulikuwa umeanza kuvuta kutoka upande wa mto, ule wa kabla ya mvua ya alasiri, na kilele kilikuwa kinacheza.

Nilikwenda kwenye mstari. Akina mama walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja na mabeseni kichwani, wamepangana, kila mmoja anatazama kilele kwa jicho moja na sandali kwa jicho la pili. Nilipita. Mwishoni kulikuwa na sandali mbili, na nyuma yake hakuna mtu. Zilikuwa za bluu, zote saizi moja, na hazikuwa na hata tone la tope. Katika Bengamisa, majira ya mvua! Kwenye tundu la kila moja kulikuwa bado na uzi wa nailoni unaoning'inia, ule wa kufungia jozi.

Trésor alisema tuendelee, mvua inakuja, hizo ni za Mama Kavira na Koko, wako pale. Nikamuuliza pale wapi. Mama mmoja alificha mdomo kwa mkono, akaanza kucheka.

"Papa, ile ni ya depo," alisema. "Ni ya kuuzisha."

Halafu akaacha kucheka, kwa sababu wote tuligeuka kwa pamoja kuitazama nyumba.

Niliogopa. Nimeogopa mara nyingi katika kazi hii, lakini si kama siku ile. Mti ulikuwa umekatwa, unashikiliwa na kufuli na bawaba ambayo sikuiamini, na upepo ulikuwa unaongezeka. Nilimwambia Trésor asimame atazame kilele, kikisogea apige filimbi bila kuacha. Na nikaingia ndani ya nyumba ambayo nilikuwa nimekataza watu kuingia.

Koko alikuwa kitandani, rozari mkononi, kikombe cha chai kando. Mama Kavira alikuwa amekaa juu ya katoni ya sabuni, na miguuni alikuwa na sandali zake mwenyewe, zote mbili. Aliponiona alizificha chini ya kitenge.

"Anakataa kutoka," alisema. "Na mimi siwezi kumuacha peke yake. Nikasema, bon, Papa Faustin haukosake."

Kwa hiyo sifa yangu ndiyo iliyokuwa imewaweka pale. Sikuwa na nafasi ya kukasirika, nilikasirika baadaye. Nilimwambia Koko kwa heshima kwamba mti unaweza kuja huku. Hakunitazama hata.

"Nyumba nilitokaka mara moja," alisema. "Nikarudia, hata mulango haikuwa. Sitatoka tena."

Nilifikiria kumbeba. Lakini mzee asiyetaka kubebwa hushika mlango, na kwenye mlango mnaweza kukaa mpaka mvua ifike. Nilisikia kilele kikivuma juu ya bati. Ndipo nikasema uwongo ambao naujivunia mpaka leo.

"Koko, sikuje kukutosha ndani ya nyumba. Nilikuja kukuuliza tu. Bale bamama ya inje banagawanya mbinzo mbele muti ianguke. Banasema mwenye nyumba haiko, basi haiko na fungu yake."

Rozari ilisimama.

"Nani anasema?"

"Bote, Koko."

"Kavira," alisema, "leta kiti yangu."

Alitoka mbele yetu. Yule mtu ambaye miguu inamsumbua alivuka uwanja ule nikiwa nyuma yake namhimiza moyoni, na Mama Kavira akifuata na kiti cha plastiki kichwani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mstari, akachagua nafasi ya katikati, akawatazama wenye mabeseni mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho bila kujua kosa lao. Nilimwomba sandali yake ya kushoto, ya kweli, iliyochakaa. Aliitoa pamoja na neno ambalo sitaliandika. Mama Kavira alitoa yake bila neno.

Nilirudi shinani. Nilitazama njia yangu, nikatazama kilele, nikasubiri upepo upumue kidogo, nikakata kufuli.

Ulianza vizuri. Ulikwenda mbele, kuelekea shambani, kama nilivyopanga, na mimi nilikuwa tayari njiani nikikimbia na kutazama juu. Halafu nikasikia bawaba ikichanika upande ule uliooza. Mti ukageuka. Haukugeuka sana, lakini lifaki lina kilele kipana. Shina lilianguka kando ya nyumba, na kilele kikaangukia chumba cha nyuma. Bati lilikunjwa kama karatasi, ukuta ukalala ndani, na vumbi likatoka kwa dirisha ambalo halikuwa dirisha tena.

Nilizima mashine. Nikakaa chini pale pale njiani. Mvua ilianza kudondoka. Na hakuna aliyekimbia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nililiona lifaki lenye mbinzo limelala chini na akina mama wamesimama na mabeseni matupu, hakuna anayesogea. Kati ya matawi tuliona kitanda. Tawi nene kama paja langu lilikuwa limelala juu yake, kwa urefu wake wote, na kikombe kilikuwa hakipo.

Trésor alikuwa bado na filimbi mdomoni. Mama Kavira alitazama kitanda, akatazama kiti, akatazama tena kitanda.

Koko aliinuka kwa kushikilia mkono wa kiti, akanyoosha shingo ili aone vizuri zaidi. Mbinzo walikuwa wameshaanza kutambaa kutoka kwenye majani, wanapanda juu ya shuka lake.

"Ile mbinzo iko inatembea juu ya kitanda yangu," aliuliza, "ni ya nani?"

Mama Kavira alikaa chini kwenye tope, na kitenge chake kizuri cha soko, akakumbatia magoti ya mama yake kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti ambayo hata mimi, na nusu sikio langu, niliisikia kutoka pale nilipokaa. Koko aliweka mkono juu ya kichwa chake. Lakini macho yake yalibaki kwa wenye mabeseni, akingoja jibu.